Muulize Shangazi: Binti ajiunge na Girl Guides?

Barua kadhaa zimeuliza jambo moja: vikundi vya Girl Guides, chama cha wasichana kilicho mfano wa skauti, vina maana? Nazijibu kwa pamoja.

*Shangazi, binti yangu wa miaka 11 anataka kujiunga na Girl Guides. Kuna faida, au ni sare na kwata tu? Nahofia masomo yake.*

Mama, faida ipo, ila haiko kwenye sare. Wasichana hugawanywa katika vikundi vidogo, watu sita hadi wanane hivi, kila kikundi kikiwa na kiongozi msichana mwenzao. Wao ndio wa kupanga nani apike kambini, nani atunze fedha, nani amfundishe mgeni kufunga mafundo. Binti akishagawa kazi kwa wenzake saba, wawili kati yao wakiwa wamenuniana, na chakula kikaiva, amejifunza kitu kigumu kukipata darasani. Hilo ndilo la kutafuta. Nenda uhudhurie mkutano mmoja. Ukiona mlezi, yaani mtu mzima anayesimamia kikundi, anahubiri saa nzima na wasichana wamekaa kimya, tafuta kikundi kingine. Kuhusu masomo, vikundi vingi hukutana mara moja kwa wiki. Mitihani ikikaribia, apumzike.

*Kwa nini wasichana peke yao? Si waingie skauti pamoja na wavulana? (Baba wa mabinti wawili)*

Chama hiki kilianza kwa sababu wasichana wenyewe walitaka kuwa skauti. Mwaka 1909 walijitokeza kwenye mkutano wa skauti wavulana pale Crystal Palace, London, wakitaka na wao watambuliwe. Mwaka 1910 Girl Guides ikaanzishwa kwa ajili yao, ikiongozwa na Agnes Baden-Powell, dada wa mwanzilishi wa skauti. Nami naona sababu bado ipo. Penye mchanganyiko, mara nyingi msichana hukabidhiwa daftari na sufuria, mvulana akasimamisha hema. Wakiwa peke yao, hema ni lao, ramani ni yao, na makosa ni yao pia. Akishazoea, achanganyike na yeyote.

*Naogopa kambi za kulala. Nitajuaje mwanangu yuko salama?*

Uliza kabla hujatia saini fomu yoyote. Walezi wangapi watalala huko, na ni akina nani? Mtoto akiugua usiku, utaratibu ni upi? Anaweza kukupigia simu? Na kubwa kuliko yote: mtu mzima huruhusiwa kubaki faraghani na mtoto mmoja? Jibu lazima liwe hapana, tena bila kusitasita. Mlezi mwema hachukizwi na maswali haya. Akikasirika au akikwepa, binti abaki nyumbani, hata kama nauli imeshalipwa.

*Wana ahadi inayomtaja Mungu. Dini yetu itaheshimiwa?*

Ndiyo. Chama cha dunia cha Girl Guides, kilichoundwa 1928, kina wasichana wa dini nyingi, na maneno ya ahadi hutofautiana nchi hadi nchi. Omba uisome kwanza.

*Nina miaka 14 na nina aibu sana. Nikisimama mbele za watu sauti hukauka. Nitafaa?*

Utafaa, mwanangu. Kuzungumza mbele ya wasichana sita unaowajua ni kwepesi kuliko mbele ya darasa zima, na hakuna atakayekulazimisha kuongoza wiki ya kwanza. Anza na beji (alama ya kuonyesha umejifunza ujuzi fulani) ya kazi ya mikono au huduma ya kwanza, ambayo vidole hufanya kazi zaidi ya mdomo. Nenda na rafiki, hudhuria mikutano mitatu au minne. Moyo ukikataa, waage vizuri uondoke.