Mbona fizio (mtaalamu wa tiba ya viungo) alimuuliza mama maswali badala ya kumkanda?
La, dada, hakumpotezea mamako wakati. Kumuuliza anadhani maumivu ya mgongo wake yanatokana na nini ni kazi yenyewe. Mimi ni fizio hapa Mombasa. Dodoso fupi ninalotumia lina maswali 8 ya alama 0 hadi 10: maumivu yatadumu hadi lini, unayamudu vipi, yanakutia wasiwasi kiasi gani. La 9 ndilo tamu: taja sababu 3 unazoamini wewe mwenyewe. Mama mmoja wa Likoni alinitajia baridi, uzazi, na "mfupa umesagika". Hilo la mwisho alilipata aliposomewa eksirei, na tangu siku hiyo hainami hata kuokota ufagio. Basi niliuangusha ufagio mbele yake nikatazama kama atabana pumzi kwa hofu ya kuinama. Karatasi ya dodoso haionyeshi hayo.