Mkikwama kwenye theluji, msiliache gari

Ndugu yangu, umeuliza kama mkikwama kwenye theluji katika barabara za milimani za Oregon, jimbo la Marekani, mtembee kutafuta msaada au muwasubiri waokoaji. Nakusihi mbaki garini. Mwaka 2006 familia ya James Kim ilikwama katika milima hiyo. Baada ya siku kadhaa, ambapo walifikia hata kuchoma matairi ili wapate joto, baba alitoka kwa miguu kutafuta msaada na akafa kwa baridi, ilhali mkewe na mabinti zao wawili walionwa na rubani wa helikopta aliyejitolea, wakiwa hai. Gari huonekana kutoka angani kwa urahisi kuliko mtu aliye chini ya miti. Kabla ya kuwasha injini kwa dakika chache, ondoeni theluji kwenye bomba la moshi, la sivyo hewa ya sumu itawaingia. Pigeni 911, namba ya dharura ya huko, mapema, wala msione haya kuwasumbua waokoaji wanaojitolea chini ya sherifu (mkuu wa polisi) wa kaunti, kwani kinachowatesa zaidi ni kutojua waanzie wapi kuwatafuta. Kwa hiyo mwachieni jamaa maelezo ya njia mtakayopita na saa mnayotarajia kufika.