Simu Ilizama, Pesa ya Likelemba Haikuzama

Mama mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, ameniandikia barua ndefu. Anasema tangu mama mkwe wake aje kutoka Likasi na mjukuu wa miaka minane, msichana aliyefiwa na wazazi, nyumba yake imeandamwa na mkosi. Friji imeungua. Mfuko wa unga wa kilo 25 umelowa mvua. Kiatu kimekatika kisigino akiingia kanisani. Mwishowe simu imetumbukia kwenye ndoo ya maji, na pesa za likelemba, yaani upatu wa zamu, ya akina mama kumi zilikuwa katika simu hiyo, yeye akiwa ndiye mtunza pesa. Mume hasemi kitu. Jirani amemshauri ampeleke yule mtoto kwenye chumba cha sala Ijumaa hii. "Shangazi," anauliza, "nitautoaje mkosi huu bila kuvunja ndoa yangu?"

Pole, mwanangu. Hasara zikifuatana hivyo zinachosha mwili na roho, na mfuko wa unga si kitu kidogo kwa mtu anayepika bukari, ugali wetu, kila siku. Pole hiyo naitoa kwa moyo. Sasa tuzungumze, maana barua yako imeniambia mambo ambayo hukukusudia kuniambia.

Unaandika kwamba friji iliungua umeme uliporudi usiku, "wakati tulipokuwa tunamsubiri mgeni". Mgeni alikuwa hajafika! Bibi wa watu alikuwa bado Likasi, zaidi ya kilomita 100 kutoka kwako, na friji ilikuwa imeshakufa. Umeme wa mji huu kila mtu anaujua: unakatika, halafu unarudi kwa nguvu na kuunguza mashine. Ukikatika, chomoa friji. Ukirudi, subiri kama robo saa utulie, ndipo uchomeke. Unga nao ulilala sakafuni, chini ya bati ambalo wewe mwenyewe unasema linavuja tangu mwaka jana, katika majira haya ya mvua. Kama umeota ukungu, usiuanike ukaupika tena. Ukungu wa mahindi una sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Utupe, hata kama unauma. Kisigino sitakizungumzia, viatu huzeeka.

Tuje kwenye simu, kwa sababu hapo ndipo barua yako inapopinda.

Unasema uliiweka juu ya mfuniko wa ndoo ili uangalie video huku ukitwanga sombe, majani ya muhogo. Ikateleza. Ukaitoa, ukaizika ndani ya mchele, na usiku huohuo ukaichomeka kwenye umeme "ili nione kama inaamka". Ikapata joto, ikafa. Mwanangu, simu hiyo haikuuawa na mama mkwe wala mtoto. Simu ikilowa huzimwa papo hapo, kadi ya SIM inatolewa, inafutwa kwa kitambaa kikavu na kuachwa mahali penye hewa, bila moto na bila jua kali. Mchele hauvuti maji yaliyoingia ndani, unaongeza vumbi tu. Ukipitisha umeme humo kabla maji hayajakauka, vyuma vidogo vya ndani vinaungua na kuliwa na kutu. Ungeipeleka mapema kwa fundi akaifungua na kuisafisha kwa alkoli, pengine ingepona.

Lakini hasara ya simu si ndiyo inayokunyima usingizi. Pesa za simu hazikai ndani ya simu. Ziko kwenye akaunti iliyofungwa na namba yako, na kinachoifungua ni kadi ya SIM pamoja na namba yako ya siri. Hata simu ndogo ya vitufe inatosha. Unaazima ya mtu unayemwamini, unatia kadi yako, unapiga namba ya huduma, unaona salio, unatuma, unatoa kadi yako. Kadi ikiharibika, unakwenda kwa kampuni ya simu na kadi yako ya mpiga kura, wanakupa nyingine yenye namba ileile. Ni kazi ya nusu siku.

Nawe unaandika mwenyewe kwamba kadi ya SIM ilipona, na kwamba umeiweka kwenye simu ya mdogo wako ili kanisani wakupate. Basi kwa nini mama mwenye zamu hajalipwa? Yule anayeuza mboga soko la Kenya, hapahapa mjini, aliyekuja mlangoni kwako akarudi mikono mitupu, akaambiwa pesa "zilizama pamoja na simu"?

Nitasema ninavyoona. Pesa zote hazipo. Friji ilipoungua ulimwita fundi. Unga ulipolowa ukanunua mwingine ili mgeni asikukute na sufuria tupu. Yote uliyafanya kwa kuihangaikia nyumba yako, naamini hivyo. Lakini uliyafanya kwa mkono uliokuwa umeshika jasho la wenzako, ukidhani utarudisha kabla zamu haijafika. Zamu ikafika. Simu ikatumbukia siku mbaya, nawe ukapata mahali pa kufichia shimo. Akina mama walipoanza kuuliza maswali, simu peke yake haikutosha tena, ndipo likaingia neno la mkosi, na baada ya mkosi akatafutwa mwenye mkosi.

Hapa nakukemea waziwazi. Mama mkwe wako, kwa maneno yako mwenyewe, anaamka mapema kufagia uwanja na amekuletea mfuko wa makala, makaa ya kupikia, kutoka kwao. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wako amekuja na makala, nawe unamlipa kwa kumnong'ona kwa majirani. Na mtoto je? Mtoto aliyezika baba na mama, unataka akapigishwe magoti mbele ya watu wanaomuuliza usiku anaruka kwenda wapi? Katika barabara za mji huu wanalala watoto waliofukuzwa nyumbani kwa neno hilohilo la uchawi, wengi wao yatima kama huyu. Mara nyingi ilianza hivi: friji, unga, simu, halafu jirani mwenye ushauri. Tena ujue kwamba sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu anayemtuhumu mtoto uchawi. Jirani yako hatakuwepo siku utakapoitwa kujieleza.

Mume wako unamlalamikia kwamba amekuwa bubu. Mimi namtetea. Mtu ambaye Jumapili alipanda juu ya nyumba kuziba bati, anayekula bukari na sombe bila samaki na hapigi kelele, si mume mbaya. Amenyamaza kwa sababu anasikia mama yake akisemwa na hajui aanzie wapi. Labda pia ameona kwamba hesabu ya nyumba haifungi.

Ndoa za siku hizi zinanisikitisha hapo. Watu wanalala kitanda kimoja, kila mmoja na simu yake, namba yake ya siri, likelemba yake na madeni yake. Mume hajui mke anadaiwa na nani. Mke hajui mume alilipwa lini. Sisemi mke akabidhi pesa zake, sheria ya familia ilirekebishwa mwaka 2016 na mwanamke aliyeolewa hahitaji tena ruhusa ya mume ili afanye kazi au atie sahihi mkataba. Ni haki yako, ilinde. Lakini deni linalokutoa jasho usiku na mwenzako amelala pembeni bila kujua, hilo linaila ndoa kuliko mama mkwe yeyote. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Dawa ya deni ni kulipa. Leo jioni angalia salio lako. Kama nimekuonea na pesa zipo zote, mtumie yule mama kabla hujalala, umwombe radhi kwa kumchelewesha. Kama zimepungua, mweleze mume wako kwanza, chumbani, na hesabu iwe imeandikwa kwenye karatasi: kiasi gani kwa fundi, kiasi gani kwa unga, kiasi gani kimebaki. Mwambie pia yale uliyoyasema juu ya mama yake, kabla hajayasikia kwa mwingine. Kisha ita akina mama wote kumi. Mwenye zamu apewe kilichopo palepale, mkubaliane tarehe za kumalizia, na utunzaji wa pesa umwachie mwingine. Watakukasirikia. Vumilia, wana haki. Simu mpya isubiri hadi deni liishe. Kwa sasa ya vitufe inakutosha.

Ijumaa usimpeleke mtoto popote. Jirani akiuliza kwa nini hukuja, mwambie friji iliungua kabla mtoto hajafika.