Damu Kwenye Mswaki Ilivyonifikisha Kwenye Kipimo cha Sukari

Kwa muda wa miaka minne hivi, kila asubuhi nilipopiga mswaki uani kwetu Buhongwa, jijini Mwanza, nilitema povu lenye damu, nikalimwagia maji, nikaenda zangu shuleni kufundisha. Mama yangu mzazi alikuwa akitokwa na damu kwenye fizi, na bibi vilevile, kwa hiyo nyumbani tulilihesabu jambo hilo kuwa ni la ukoo. Fizi zilipovimba na kuuma nilipita duka la dawa, nikapewa vidonge vya metronidazoli vya siku tano. Maumivu yalitulia, kisha baada ya miezi michache yakarudi. Katika safari zote hizo hakuna muuzaji aliyeniambia nikamwone daktari wa kinywa na meno, na hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu vidonge vilikuwa vikituliza moto huku kuni zikiendelea kubaki mahali pake.

Kilichonipeleka hospitali hatimaye ni jino la mbele la chini. Nilikuwa Kamanga nikisubiri kivuko, nikauma kipande cha muhogo wa kuchoma, nikahisi jino limesogea kama mwiba uliolegea kwenye ngozi. Nilikwenda nikiamini kwamba litang'olewa. Daktari hakuling'oa. Alichukua kifimbo chembamba cha chuma chenye alama za milimita, akawa anakipenyeza taratibu kati ya fizi na kila jino, huku akimsomea muuguzi: "Mbili, tatu, tatu, nne, sita, sita." Alinieleza kwamba fizi yenye afya huruhusu kifimbo kile kuingia milimita 1 hadi 3 tu, panapofika 6, fizi imekwisha kuachana na jino, pamefanyika mfuko, na mfupa unaolishika jino umeanza kuliwa.

Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia kwenye kiti cha meno: "Mwalimu, usiku unaamka mara ngapi kwenda haja ndogo?" Nikamjibu kuwa ni mara tatu, wakati mwingine nne. "Na sukari umewahi kupima?" Sikuwahi. Kesho yake asubuhi, kabla ya kula chochote, sukari yangu ilisoma milimoli 8.9 kwa lita ya damu, na nilipopima tena siku nyingine ikasoma 8.6. Mtu aliyelala bila kula akifikisha 7.0 au zaidi, na kipimo cha pili kikathibitisha, huhesabiwa kuwa ana kisukari. Fizi zangu ndizo zilizonipa habari hiyo, nami kwa miaka minne nilikuwa nikizimwagia maji.

Nimejitahidi tangu hapo kuelewa mambo haya mawili yanakutana wapi. Ukoga unaojikusanya penye mpaka wa fizi na jino si mabaki ya chakula peke yake, bali ni utando wa bakteria walio hai. Mwaka 1965 mtafiti Harald Löe na wenzake huko Denmark waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kusafisha meno. Katika muda usiozidi majuma matatu hivi, fizi za wote zilikuwa zimevimba, na waliporudia usafi zikapona. Ukoga usipoondolewa hushika madini ya mate ukawa ugaga, na ugaga ukishashika hautoki kwa mswaki hata ukisugua mpaka mkono uchoke. Mwili, kwa upande wake, huona wavamizi: mishipa midogo ya damu hutanuka, chembe nyeupe za damu humiminika, fizi huwa nyekundu na kuvimba, na hali hiyo ndiyo inayoitwa inflamesheni. Ikiwa ya siku chache, ni kinga. Ikiwa ya miaka, kemikali zilezile ambazo mwili unazitoa kupigana na bakteria hugeuka kuyeyusha nyuzi na mfupa unaoshikilia meno.

Watafiti waliokadiria ukubwa wa eneo la fizi lililo na vidonda ndani ya mifuko hiyo walipata takribani sentimita za mraba 8 hadi 20. Mtu mwenye kidonda cha ukubwa huo kwenye muundi wa mguu angepelekwa hospitali na jirani zake. Kilicho mdomoni hakionekani, lakini kila anapotafuna, bakteria kidogo hupenya kwenye damu, na kemikali za inflamesheni husafiri hadi kwenye ini na kwingineko, ambako huifanya insulini, homoni inayoshusha sukari, ifanye kazi kwa shida. Sukari nayo ikipanda, chembe nyeupe hudhoofika na vidonda huchelewa kupona, na fizi huzidi kuharibika. Magonjwa haya mawili hulishana.

Nilikwanguliwa ugaga kwa mikutano miwili, nikiwa nimechomwa ganzi, chini kabisa ya fizi. Nilioneshwa vipande vyake kwenye kitambaa cheupe: vigumu, vya rangi ya kahawia iliyoiva, kama changarawe ya ufukweni. Hapa nawaomba wasomaji wanisikilize vizuri, kwa kuwa hapa ndipo wengi hukimbia. Baada ya kukwanguliwa, meno yalihisi baridi ya maji kwa karibu majuma mawili, na fizi zilipopungua uvimbe, mianya ilionekana kati ya meno. Dada yangu aliniambia, "Si nilikwambia, madaktari hulegeza meno ya watu!" Meno yalikuwa yamelegea kabla; ule ugaga na uvimbe vilikuwa vimeficha tu pengo la mfupa uliokwisha kupotea. Mfupa huo haukurudi, lakini mifuko mingi imesinyaa.

Baada ya miezi mitatu kipimo changu cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu (HbA1c), ambacho husomwa kwa asilimia, kilikuwa kimeshuka, ingawa sithubutu kusema ni fizi peke yake, maana nilikuwa nimeanza vidonge na nimepunguza ugali. Mapitio ya mwaka 2022 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalionesha kwamba kutibu fizi za wagonjwa wa kisukari hushusha kipimo hicho kwa wastani wa pointi za asilimia 0.43 katika miezi mitatu hadi minne, na hilo si dogo. Kuhusu moyo, Shirika la Moyo la Marekani lilisema mwaka 2012 kwamba ugonjwa wa fizi na ugonjwa wa mishipa ya moyo huonekana pamoja mara nyingi, lakini haijathibitishwa kwamba mmoja huzaa mwingine. Kwa hiyo anayekuahidi kwamba kusafisha meno kutakuponya presha, usimwamini. Ila mwenye valvu bandia ya moyo, au aliyewahi kuugua maambukizi ya valvu, lazima amweleze daktari wa meno kabla hajaguswa, ili apewe antibiotiki inapohitajika.

Sasa napiga mswaki laini mara mbili kwa siku kwa dakika mbili, nikiulaza kuelekea mpaka wa fizi, tena upande unaotoka damu ndio ninaoukazania badala ya kuukwepa. Usiku napitisha uzi kati ya meno.

Shemeji yangu anayevua sangara kisiwani Ukerewe alinisikiliza akacheka kwa upole, akasema zake hazitoki damu hata tone. Anavuta sigara tangu ujana. Nikamweleza nilichofundishwa, kwamba tumbaku hubana mishipa midogo ya fizi, hivyo damu haitoki hata pale ugonjwa ulipokomaa, na nikamwomba anifunulie mdomo: meno mawili ya chini yalicheza nilipoyagusa kwa kidole. Alipanda meli ya Nansio akaja. Sukari yake ilisoma 5.2, haina neno, lakini kifimbo kiliingia milimita 7. Amekwanguliwa upande mmoja, ameambiwa aache sigara, na amepangiwa kurudi Jumatano kwa upande wa pili. Nimeshamtumia nauli.