Huyohuyo wa UPE

Mwanangu, salaam. Meseji yako nimeiona, unauliza mwalimu gani wa shule ya msingi namkumbuka mpaka leo, afu ukamalizia na kicheko eti "ila baba nyie si mlifundishwa na UPE". Haya, jibu ni huyohuyo wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote.

Sisi tumeanza la kwanza kipindi kile cha 1977 serikali imesema kila mtoto asome, na walimu wa kutosha hawapo, watatoka wapi? Ndo wakachukuliwa vijana waliomaliza la saba wakawekwa kwenye shule za vijijini, wanafundisha huku na wao wanafundishwa kazi, mengine kwa redio mengine kwa posta. Watu wakawacheka sana, wakasema UPE ni Ualimu Pasipo Elimu. Kama nyie mlivyowaita wa kwenu voda fasta, wale waliofundishwa ualimu harakaharaka, hakuna jipya hapo mama.

Wa kwetu alikuwa kijana tu, hata ndevu bado, na darasa limejaa mpaka wengine tunakaa chini, kitabu kimoja watu watano, chaki anazikata vipandevipande ili zifike Ijumaa. Basi hesabu za kugawanya akatufundishia korosho. Kwetu Newala, Mtwara, korosho sio shida, kila mtoto aje na za kuchoma kutoka kwao, japo wengine wanafika na mbili tatu, zingine zimeliwa njiani. Mnakaa wanne wanne chini ya mkorosho, anawapa 23, gaweni. Kila mtu tano, zinabaki tatu. Zile tatu anazipanga kwenye jani mbele yenu anauliza, hizi za nani? Makelele hapo, kila mtu zake! Anawaacha mgombane weee, afu anatoa wembe, anakata kila moja vipande vinne, taratibu, mnaangalia kama mnagawiwa nyama ya sikukuu. Kila mtu akapata vipande vitatu, yaani robo tatu. Mi sehemu nimezielewa siku hiyo na sijawahi kuzisahau.

Na jiografia ndo usiseme. Siku moja akatutembeza mpaka Shimo la Mungu, tukasimama pale juu, bonde lote chini mpaka Ruvuma na ng'ambo ile Msumbiji, akasema haya, ramani hiyo hapo, choreni. Nikamuuliza mwalimu, bibi yangu katokea kule ng'ambo, kwa hiyo ni mgeni? Akasema mpaka wa nchi ndo umemkuta bibi yako. Nilikimbia kwenda kumwambia bibi, akafurahi huyo!

Ila nilichompendea zaidi, alikuwa hajifanyi anajua. Ukimuuliza kitu hakijui anakwambia hapo sijafika, kesho. Na kesho kweli anakuja nalo, maana usiku ukipita kwake unakuta koroboi inawaka yuko na makaratasi yake anasoma. Walimu wenye vyeti vyao tulikuwa nao pia, mmoja wa imla alikuwa mzuri, mwandiko wangu huu unaousifia ni wake. Mwingine yeye na fimbo, fimbo na yeye, sikumbuki hata alifundisha nini.

Mwalimu wangu yupo, kastaafu, tulikutana kwenye msiba mwaka jana. Alinijua kabla sijamsalimia. Nikampa shikamoo yake akaitikia, akaniuliza watoto wangapi, nikasema wanne. Shamba la korosho? Eka saba. Akacheka mpaka akakohoa, akasema haya gawa hapo nikuone.

Kwa hiyo mama, fungu lako ni eka moja na robo tatu, usije ukasema baba hakukwambia. Wasalimie wote hapo, na mwambie mkwe wangu ile hela ya mbolea imefika.

Baba yako