Mteja yuko Ubelgiji, mi niko Mwanga Kigoma: VAT naitoza au siitozi?

SWALI: Shikamoo. Mi niko Mwanga hapa Kigoma, natengeneza programu za stoo na mahesabu, na VAT (kodi ya ongezeko la thamani) nimesajiliwa. Mwezi uliopita nimemaliza kazi ya kampuni moja ya Ubelgiji, nikawapa invoisi ya milioni 5 nikajumlisha 18% ikawa 5,900,000, wao wamelipa milioni 5 tu wanasema hiyo laki tisa haiwahusu. Sasa silali, nitaitoa wapi? Alafu wanataka kuja niwapeleke Gombe kwa boti, nayo niandike VAT sifuri?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Lala tu, hao wateja wako sahihi na laki tisa hudaiwi, ila invoisi ndo umeikosea.

Sheria yetu ya VAT ya 2014, ile iliyoanza kutumika Julai 2015, inasema huduma ikienda kwa mteja aliye nje ya nchi wakati unamhudumia na akaitumia huko huko nje, inatozwa asilimia sifuri, mradi haihusu moja kwa moja ardhi ya hapa wala mali iliyopo hapa. Programu yako inapiga mahesabu ya stoo ya Ubelgiji, kwaiyo sifuri. Wengi wanadhani ukilipwa kwa yuro basi ni kazi ya nje, jamani hapana, pesa inatoka wapi siyo hoja, hoja ni huduma inatumika wapi. Kampuni hiyo hiyo ikikutuma ukaipimie kiwanja Kibirizi, hapo ni 18%.

Na Gombe ni hivyo hivyo. Sokwe wako huku, boti inatoka huku, mgeni anafaidi huku, toza 18% hata kama kalipia akiwa kwao, na umwambie bei yenye kodi kabla hajaja, la sivyo hiyo kodi itatoka mfukoni kwako.

Kuna kitu kinaniuma sana kuona vijana wanakipoteza: sifuri siyo msamaha. Mwenye huduma iliyosamehewa, VAT aliyolipa kwenye manunuzi imeenda hiyo. We wa sifuri unaidai. Umenunua laptopu ya kazi 2,360,000, ndani yake kuna 360,000 ya VAT, hiyo ni haki yako ilimradi una risiti ya EFD (ile mashine ya risiti za kodi) yenye TIN yako, yaani namba ya mlipakodi, na VRN, namba yako ya usajili wa VAT. Usiiache dukani nakuomba!

Ushahidi sasa. Weka mkataba wenye anwani yao ya kule, karatasi ya benki, na zile imeili ulizowakabidhi kazi, utunze miaka mitano, mana bila hivyo ukikaguliwa sifuri yako inageuzwa 18%.

Kwa sasa watumie kredit noti (hati ya kupunguza invoisi) ya hiyo 900,000, na kwenye ritani, yaani taarifa yako ya VAT ya mwezi, ile milioni 5 iingie safu ya sifuri, usiiache nje. Fanya kabla ya tarehe 20.