Usiuze umiliki wa rekodi zako kwa haraka

Mdogo wangu, umeuliza kama ukubali mkataba wa kampuni inayotaka kumiliki rekodi zako zote kwa malipo ya mara moja, ilhali nyimbo umezitunga na kuziimba mwenyewe. Nakusihi usisaini kabla mwanasheria hajausoma, kwa sababu anayemiliki rekodi ndiye atakayepokea mapato yake hata miaka mingi baada ya fedha hizo kwisha. Mtazame mwimbaji Ani DiFranco wa Buffalo, Marekani, ambaye mwaka 1990 alianzisha kampuni yake ya kutoa muziki, Righteous Babe, akauza kanda zake kwenye maonyesho na kuzikataa kampuni kubwa zilizomtaka, hivyo kazi zake zikabaki mikononi mwake. Njia hiyo ni ngumu, sikufichi, maana alisafiri mno akiimba katika baa na vyuo, na wasikilizaji wakaongezeka polepole. Wewe uliye Tanzania, sajili nyimbo zako COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, na mwandikiane mgawo wa mapato na mtayarishaji kabla ya kuingia studio. Kampuni ikikubali kupewa leseni, yaani ruhusa ya kutumia rekodi kwa muda maalumu, badala ya umiliki, mazungumzo yanaweza kuendelea.